Neno Nililoliandika kwenye Kadi ya Bibi Yako

Bariadi, Ijumaa jioni

Minza mwanangu,

Nakuandikia barua hii kwa sababu moja. Jumapili iliyopita, mbele ya wageni waliokuja kukuaga, ulisema jambo lisilo la kweli kuhusu bibi yako, na mimi ndiye niliyekufanya uliamini. Kesho unaondoka kwenda kuanza masomo ya utabibu. Sitaki uyaanze ukiwa umelibeba kosa langu huku ukidhani ni la bibi yako.

Mambo ya blanketi, ndoo, vyeti na nakala za vyeti nimemwachia mama yako, ambaye ameshayaandika yote na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mimi nimekaa mezani tangu saa kumi. Nitakukabidhi barua hii kabla ya chakula, ili upate muda wa kuisoma mara mbili ikibidi.

Ulizungumza vizuri Jumapili. Ulisema umechagua utabibu kwa sababu ya mguu wa bibi. Kwamba alificha kidonda mpaka kikaoza, na kwamba unataka watu wa kwetu waache kuchelewa kufika hospitali. Wageni walipiga makofi. Bibi yako alikuwa amekaa karibu na mlango, magongo yake yameegeshwa ukutani, nao wakamwomba aseme neno. Unakumbuka alivyoanza na utani wake, kwamba mguu umetangulia kaburini kumshikia nafasi, kwa hiyo yeye asiharakishwe na mtu. Watu walipomaliza kucheka akasema, "Mjukuu wangu amesema kweli. Nilichelewa. Wewe, mayu, mama yangu, usiwaache watu wachelewe."

Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Niliitazama sahani hiyo mpaka makofi yakaisha.

Bibi yako hakuchelewa, Minza. Alifika kliniki yangu mara tatu kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi yake, na mara zote tatu nilimhudumia mimi.

Ili unielewe, inanibidi nirudi nyuma kidogo. Wewe ulizaliwa nikiwa mwaka wa pili katika chuo kama hicho unachokwenda, nikiwa na umri wa miaka ishirini. Nilifanya kazi ya utabibu katika zahanati kwa miaka mingi kabla ya kwenda kusomea udaktari, na niliporudi hapa na shahada yangu nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana. Kila aliyenifahamu nikiwa tabibu nilitaka anifahamu upya. Nilivaa tai hata siku za joto la Oktoba. Katika vikao nilizungumza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nilipenda kusikia sentensi zangu zikikamilika vizuri. Sisemi hayo ili unihurumie. Nayasema kwa sababu hamu hiyo ndiyo iliyonisogeza hatua kwa hatua mpaka nilipofika.

Mwaka ule Mganga Mfawidhi wa kituo chetu alinichagua kuhudhuria mafunzo endelevu ya juma moja, yaliyoandaliwa kwa ajili ya madaktari wanaoona kila aina ya mgonjwa katika huduma za msingi. Mada ilikuwa kisukari na magonjwa ya moyo. Nilijifunza mengi ambayo chuoni niliyapita haraka: kwamba mgonjwa wa kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua, akalalamikia uchovu na jasho tu, kwamba sukari na presha zikikaa pamoja huharibu mishipa kimyakimya, kwamba mishipa ya fahamu ya miguuni ikishakufa, mtu anaweza kutembea na mwiba kwa wiki nzima asijue. Nilirudi na cheti. Unakijua, kilining'inia sebuleni mpaka mwezi uliopita.

Nilitakiwa kuwafundisha wenzangu. Niliandaa slaidi nzuri sana. Katika ile ya chakula niliweka picha ya mkate wa ngano isiyokobolewa na tufaa, kama nilivyozipokea. Bwana Shija, tabibu wa upande wa Dutwa, akanyoosha mkono na kuuliza mgonjwa huyo anaishi wapi, maana yeye michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, haioni hapo. Ukumbi ulicheka na mimi nikacheka nao. Kesho yake niliiondoa ile picha na kuweka michembe, lakini sikumuuliza mgonjwa hata mmoja anakula michembe kiasi gani na saa ngapi. Nilikuwa nimerekebisha slaidi, basi.

Kisha nikafika kwenye miguu. Nilisema viatu vya kila mgonjwa wa kisukari vivuliwe kila anapokuja, daktari atazame katikati ya vidole na apime kwa ule uzi wa nailoni kama ngozi inasikia. Dereva wetu alijitolea miguu yake kwa mfano, wakamtania kuhusu soksi zake. Ndipo Zainabu akauliza swali. Zainabu unamfahamu, muuguzi wa kliniki yetu, ambaye kwao wana duka la vitambaa sokoni; amekaa kituoni miaka mingi kuliko mimi. Aliuliza kwa upole tu: "Na akiwa mama mkwe wako, daktari?"

Watu walicheka tena, kwa sababu wote walijua anachokisema. Unajua kwetu mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe mkono, hapiti mbele yake akiwa amekaa, wala hamwangalii miguuni. Mimi nilingoja kicheko kiishe, nikajibu, "Kliniki haina mkwe, Zainabu. Kliniki ina wagonjwa."

Walinipigia makofi. Jibu hilo lilinipendeza kiasi kwamba nilimsimulia mama yako jioni hiyo, na nikalirudia katika kikao kingine wiki mbili baadaye.

Bibi yako alianza kuja kliniki yangu mwezi uliofuata. Angeweza kuonwa na tabibu mwenzangu aliyekuwa chumba cha pili, na ingekuwa rahisi kumwelekeza huko bila kumwaibisha mtu. Sikufanya hivyo, kwa kuwa nilitaka isemwe Ngulyati, kijijini kwa bibi yako, kwamba mama Kwandu anatibiwa na mkwe wake daktari. Naye alitaka hivyohivyo. Alivaa kitenge chake cha sherehe kuja kupimwa sukari.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu utakutana nayo kwa sura nyingine. Sukari alipimwa na Zainabu. Presha alipimwa na Zainabu. Uzito, vilevile. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza, nikiinamisha macho kwenye karatasi kama inavyompasa mkwe, na kila namba niliyoihitaji ililetwa mkononi mwangu. Nilirekebisha dozi ya presha kwa umakini mkubwa. Nilimwuliza kuhusu kifua, kuhusu pumzi, kuhusu mikojo ya usiku. Adabu ilitimia na tiba ilionekana kutimia. Kitu kimoja tu hakikuwa na mtu wa kukifanya ila mimi, nacho ni kuitazama miguu. Kadi ina mstari wake: Miguu, nukta mbili, halafu nafasi ya kujaza. Nilijaza "kawaida".

Mara ya pili nilijaza kwa haraka zaidi, kwa kuwa neno lilikuwa tayari liko hapo juu.

Mara ya tatu alikuja amevaa yeboyebo za bluu, vile viatu vya plastiki. Alipokaa alisogeza mguu wa kulia mbele kidogo na kuvuta kitenge juu ya kifundo. Nililiona hilo kwa pembe ya jicho na nikageukia dirishani ili nisimkosee heshima. Akasema, akielekeza maneno kwa Zainabu kama desturi inavyotaka, kwamba siku hizi miguu yake haiisikii ardhi, ni kama anakanyaga pamba. Nikajibu, nami kupitia kwa Zainabu, kwamba hilo huwapata wenye kisukari, asitembee peku. Kisha nikaandika "kawaida". Nilikuwa nimetoka kusikia dalili yenyewe kwa masikio yangu.

Mengine unayajua, au unayajua nusu. Kisiki cha mpamba kilikuwa kimepenya yeboyebo kule shambani na kuingia chini ya kidole gumba. Hakuhisi kitu, mpaka alipokiona kidole kimevimba. Wiki kadhaa baadaye mama yako alikwenda Ngulyati, akasikia harufu kabla ya kuona kidonda. Nilipoandika rufaa ilinibidi nifungue kadi, na nikayakuta maneno matatu yaliyofanana, kwa mwandiko wangu, moja chini ya jingine. Mguu ulikatwa chini ya goti. Madaktari waliomfanyia upasuaji walifanya kazi nzuri. Waliupokea ukiwa umeshaharibika.

Siku ya nne baada ya upasuaji nilikwenda kumwona wodini. Nilisimama mlangoni, mama yako akakaa katikati yetu. Bibi yako akamwambia mama yako, "Mwambie baba Minza, siku ile nilikwenda nimwonyeshe kidole hiki. Nikaona aibu, nikakirudisha. Mwambie anisamehe kwa usumbufu."

Nikasema, "Hakuna neno, mama."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi. Aliniomba msamaha, nami nikampa.

Katika kikao cha kupitia wagonjwa wa mwezi ule nilitakiwa kueleza kwa nini mgonjwa wa kliniki yetu amekatwa mguu. Nilisema, "Mgonjwa alichelewa kufika." Ni sentensi inayotumika sana, Minza, na mara nyingine ni ya kweli. Wote waliandika. Hakuna aliyeomba kadi. Nilipofika nyumbani mlikuwa mnaniuliza, na sentensi ilikuwa mdomoni tayari, nikawapa na ninyi.

Zainabu alinifuata ofisini siku iliyofuata na kufunga mlango. Alisema, "Daktari, mimi nilikuwemo chumbani. Viatu havikuvuliwa." Nilimjibu kwamba tutazungumza. Akafungua mlango, akatoka. Hatukulizungumza hilo kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Jumanne iliyofuata alileta benchi kutoka stoo, akaliweka nje ya chumba changu pamoja na beseni, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wa kisukari anayeingia kwangu akiwa na viatu miguuni. Wakaguzi walipokuja walilipenda benchi hilo. Walimsifu daktari kwa ubunifu wake, nami nikawashukuru.

Umri wangu si mkubwa na sidhani kama nina haki ya kukugawia hekima. Nitakuambia tu mambo machache niliyoyaona kwa macho yangu katika kazi hii, uyafanyie kazi unavyoona.

La kwanza linahusu ule mstari wa kadi. Laiti ningeuacha wazi. Nafasi tupu ingemwuliza swali daktari mwingine, au Zainabu, au hata mimi mwenyewe mara ya pili. "Kawaida" iliwanyamazisha wote. Kuna siku utakuwa na wagonjwa wengi kuliko saa zilizobaki, na hutaweza kumtazama kila mtu kama ulivyofundishwa. Andika kwamba hukutazama. Utasemwa kikaoni, lakini mgonjwa atapata mtu wa kumtazama.

La pili ni kuhusu haya mafunzo yenyewe. Utahudhuria mengi, na yatakupa maarifa mapya kila mara, maana ugonjwa wa sukari na wa moyo tunaouona leo sio tuliofundishwa miaka kumi na mitano iliyopita. Nayaheshimu. Lakini mimi nilikuwa mtu aliyefundisha somo la miguu kuliko wote mkoani, na somo lenyewe halikunisaidia, kwa sababu Zainabu aliponiletea swali la kweli nililigeuza kuwa nafasi ya kujibu vizuri. Alikuwa ananiuliza tufanyeje. Tungekaa dakika kumi, tungekubaliana kwamba mkwe wa mtumishi ataonwa na mtumishi mwingine, na shauri lingeishia hapo. Sasa tumekubaliana hivyo. Imegharimu mguu mmoja.

Na sitaki uidharau desturi kwa sababu yangu. Bibi yako alikuwa na haki ya kuona aibu mbele ya mkwe wake; aibu hiyo ni adabu yake, ameishi nayo maisha yote. Aliyekuwa na njia nyingine ni mimi, na nilikuwa na chumba cha pili upande wa kulia.

Jumatatu nilimweleza mama yako yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje kuanua nguo, akarudi na kapu limejaa na kusimama nalo bila kuliweka chini. Akasema, "Mimi nimemfokea mama yangu mwaka mzima." Ndiyo maana umetuona tuko kimya wiki hii. Ulifikiri ni huzuni ya safari yako.

Jumanne nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi. Nilimwomba nafasi katika kikao cha mafunzo cha Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, niwaeleze wenzangu mgonjwa huyu upya, nikiwa na kadi mkononi, ikiwa mwenye kadi ataniruhusu. Kama unavyojua, nimeomba kwenda kusomea ubingwa wa tiba ya familia, na anayepaswa kuniandikia mapendekezo ni yeye.

"Unajua barua yako iko hapa mezani," akasema.

"Najua."

"Na bado unataka nafasi hiyo."

Nilisema nataka. Akaniandika kwenye ratiba, akaniambia barua ataisoma baada ya kikao. Sijui ataamua nini, na kwa kweli sitamlaumu. Kisha nikaenda kwa Zainabu, nikamwambia yale ambayo yangepaswa kusemwa siku alipofunga mlango. Alijibu kwamba kikaoni atakaa mstari wa mbele, na kwamba safari hii nisitumie slaidi.

Wewe ni wa nne kujua. Bibi yako bado. Hajui kusoma, na hajui neno gani liko kwenye ile kadi anayoitunza ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Mpaka jioni hii anaamini mguu wake aliupoteza yeye mwenyewe, kwa aibu yake, na Jumapili alisimama akalikiri hilo mbele ya watu ili kukuunga mkono wewe. Hilo ndilo siwezi kuliacha lipite kesho ukaondoka.

Desturi ingetaka nimtume mshenga au mjomba wako. Nimefikiri sana na nimeona kwamba nimeshamwambia mama huyu mambo mengi kupitia kwa watu wengine. Nitamweleza kwa mdomo wangu. Lakini siwezi kukaa naye peke yetu chumbani bila kumwongezea aibu, na mama yako ameniomba asiwepo, kwa sababu naye ana maneno yake ya kumwambia kwa wakati wake. Wewe ni mjukuu; unaweza kukaa naye mkeka mmoja, unaweza kumtania, unaweza kumshika mguu na hakuna atakayeshangaa. Ningependa ukae katikati yetu. Sikuombi useme chochote. Kama utaamua kurudisha maneno uliyoyasema Jumapili, utajua mwenyewe jinsi ya kuyarudisha.

Nikishamaliza, nitamwomba ruhusa ya kuutazama mguu uliobaki. Anaonwa na tabibu mwenzangu sasa na mguu wake hutazamwa kila mwezi, kwa hiyo si lazima kitabibu; naomba kwa sababu sijawahi kuutazama. Akikataa, nitakubali na kugeuka ukutani, na utautazama wewe: katikati ya vidole, chini ya kisigino, na pale kwenye kifundo ambapo kamba ya kiatu hubana. Uzi wa nailoni nimeutia mfukoni mwa koti langu.

Ukiona baada ya kusoma haya hutaki kwenda nami, niambie kabla ya kulala, sitakuuliza sababu. Nitakwenda peke yangu na kukaa nje ya mlango wake, tuzungumze kupitia dirishani. Basi lako linaondoka saa nne, sanduku litapelekwa stendi na mama yako, kwa hiyo muda upo.

Nimeshamtumia bibi yako salamu kwamba tunakuja kumwamkia. Nitakuwa nimewasha pikipiki. Kesho Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlangoni kwake, Ngulyati.

Baba yako